Meno yangu ya kahawia tangu utotoni, ya kaka yangu meupe pee. Nyumba moja, mama mmoja. Nitayang'arishaje?

#1 Kapuku wa Usa
Wakuu salaam. Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, ile njia ya Moshi kwenda Arusha, kabla hujafika Usa. Umri 29. Meno manne ya mbele juu ni ya kahawia, yaliyobaki yana mabaka meupe kama yamepakwa chokaa. Si uchafu, mswaki napiga asubuhi na usiku. Picha zangu zote tangu darasa la saba nimefunga mdomo, hata ya kitambulisho nimekaa kama mtu aliyeitwa polisi.

Desemba naoa. Mchumba ni binti wa Tanga, hajawahi kulalamika, lakini mimi mwenyewe nataka kucheka siku ya harusi yangu. Nimeshajaribu mkaa uliosagwa, limao na magadi soda, ganda la ndizi kwa ndani. Hakuna kilichobadilika, sanasana sasa hivi maji ya baridi yananiuma.

Nauliza mawili. Kwanza, kipi kinafanya kazi kweli, cha nyumbani au cha hospitali? Pili, kaka yangu kanizidi miaka mitatu na meno yake meupe kama ya mtu wa tangazo. Tulichota maji bomba moja. Inakuwaje?

#2 Pwani Raha
Ngoja waje wenye meno yao. Mimi nakaa hapa na kahawa yangu.

#3 Binti Ngarenaro
Mkuu pole. Hukukosea dawa, ulikosea muda. Limao na magadi soda unapaka unaacha dakika kumi, siku saba mfululizo. Mimi yalikuwa ya njano, yalitakata kabisa. Na mafuta ya nazi unasukutua asubuhi kabla ya kula.

#4 Tabibu Mchovu
#3 dada yangu, kwa heshima zote, usimpe mwenzio huo ushauri. Mimi ni daktari wa kinywa na meno, niko mkoani, na kila mwezi napokea watu wa limao. Limao ni asidi. Linalainisha lile ganda gumu la nje la jino, enameli, halafu wewe unakuja na unga wa kusugua juu yake. Siku za kwanza utaona meno yanang'aa, kwa sababu umekwangua. Baadaye ganda linakuwa jembamba, na kilicho chini yake, dentini, rangi yake ya asili ni njano. Yaani unayafanya yawe ya njano zaidi huku ukidhani unayang'arisha. Na enameli ikiondoka haioti tena kama ukucha.

Mleta mada, hayo maumivu ya maji baridi ndiyo hayo. Acha leo. Mkaa nao ni wa kusugua tu, hauingii ndani ya jino.

Sasa nije kwako. Madoa ya meno hayafanani, na ndiyo maana dawa ya jirani haikusaidii. Kuna yaliyokaa juu ya jino: chai, kahawa, sigara, ugoro, miraa, hata dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ukiitumia wiki nyingi. Hayo tunayatoa kwa mashine ya kusafishia pamoja na ule ukoga uliogandamana, nusu saa umemaliza. Kuna jino moja linalogeuka kijivu baada ya kugongwa, hilo mara nyingi limekufa ndani, linataka tiba ya mzizi kwanza. Na kuna rangi iliyoingia wakati jino linatengenezwa bado liko ndani ya fizi. Wewe uko hapo, na kwa anuani uliyoitaja sihitaji hata kukuangalia: ni floraidi.

#5 Pwani Raha
Daktari kapima mgonjwa kwa anuani. Teknolojia imefika mbali.

#6 Tabibu Mchovu
Cheka tu #5. Maji ya Chai, Ngurdoto, Kikwe, ukisema umekulia huko miaka ile hata mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu anajua. Ni miamba ya volkano ya Mlima Meru, maji yanapita humo yanatoka na floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mto wenyewe wa Maji ya Chai unazidi hapo mara kadhaa. Sisi Tanzania kwa miaka mingi kiwango chetu kiliruhusu mpaka miligramu 4, na kabla ya hapo mpaka 8, kwa sababu tungefuata 1.5 vijiji vingi vingebaki bila chanzo hata kimoja.

#7 Mchagga wa Kibosho
Daktari uko sawa ila umesahau mtuhumiwa wa pili: MAGADI. Mimi nimetoka juu mlimani, maji yetu ni ya Kilimanjaro, matamu, floraidi yake ndogo. Lakini darasani kwetu tulikuwepo wenye mabaka wengi tu. Wakaja watu wa utafiti wakapima maji, hawakuona kitu. Jibu lilikuwa jikoni. Kiburu, zile ndizi zetu za kupikwa na maharage, hukipiki bila magadi, makande hayaivi bila magadi, na mtoto anaanza kulishwa kiburu kabla hajaota meno yote ya utoto.

#8 Mama Wawili
Jamani magadi? Mimi nayatia kwenye maharage kila siku. Mbona mnatutisha?

#9 Mchagga wa Kibosho
Hayafanani mama. Kuna ya mabonge na kuna yale ya kukombwa juu ya udongo. Mengine yana floraidi kidogo, mengine imejaa, inategemea yametolewa wapi. Sokoni muuzaji hajui, na wewe hujui.

#10 Fundi Bomba
Nichangie kama mtu wa visima. Nimechimba Meru, Arumeru yote hiyo, mpaka Hai na Siha. Kisima kimoja kinatoka safi, unasogea hatua mia mbili kingine kinatoka na floraidi ya kuua nyasi (natania, nyasi haifi, ila ng'ombe meno yao yanalika kweli). Kwa hiyo mleta mada unaposema "bomba moja" nina mashaka. Miaka unayoongelea, bomba la kijijini lilikuwa linaunganishwa na chemchemi hii mwaka huu, mwaka kesho ikikauka linaunganishwa na nyingine. Kaka yako miaka mitatu mbele yako inawezekana kabisa alikunywa maji mengine kwenye koki ileile.

#11 Kapuku wa Usa
#10 aisee hilo sikuwahi kulifikiria.

#12 Chizi Maarifa wa Sinoni
Nyie mnazunguka. Ni kurithi. Baba mwenye meno mabovu anazaa mtoto mwenye meno mabovu. Kaka kafuata upande wa mama, basi.

#13 Tabibu Mchovu
#12 usiifute yote, usiichukue yote. Watoto wawili wakinywa maji yaleyale, mmoja anaweza kuumia zaidi, hilo tunaliona. Lakini kurithi peke yake hakukupi kijiji kizima chenye meno ya kahawia halafu ukivuka kilomita kumi na tano hakuna.

#14 Mzee wa Kikatiti
Vijana hamjambo. Mimi nina miaka 67, meno yangu ni yaleyale ya mleta mada na nimeoa nayo na nimezaa nayo. Zamani tuliambiwa sababu ni kunywa maji ya baridi juu ya ugali wa moto. Wengine wakasema ni mahindi ya kuchoma. Mwalimu wetu mmoja alikuwa anatuchapa asubuhi kwa kutopiga mswaki, darasa zima, na yeye alikuwa ametoka mkoa mwingine. Tulisugua kwa mchanga wa mtoni mpaka fizi zikatoka damu.

#15 Binti Ngarenaro
Shikamoo mzee. Hiyo ya kuchapwa imeniuma. Baba yangu aliwahi kusimulia hivyohivyo.

#16 Mzee wa Kikatiti
Marahaba mwanangu. Yameshapita hayo. Ila jina la kijiji mnalitaja hamjiulizi. Wengine walisema kwa sababu ya rangi ya mto, wengine wakasema kwa sababu ya meno ya wanaoyanywa.

#17 Pwani Raha
Mzee kwa hiyo kijiji kimeitwa kwa meno? Hii nimeipenda. Mleta mada waambie ukweni wewe ni mwenyeji halisi, una muhuri.

#18 Mswahili wa Rotterdam
Wakuu, ili mjue si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alihamia Colorado Springs kule Marekani akakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama chokoleti. Akauliza sababu. Wakamwambia ni kula nguruwe sana, ni maziwa mabaya, ni maji yenye chokaa. Kila mtu na lake, kama uzi huu. Jamaa akahangaika miaka 30. Mwaka 1931 ndipo mkemia mmoja wa kampuni ya alumini, H. V. Churchill, akapima maji ya mji mwingine wenye tatizo hilohilo akakuta floraidi. Na McKay alishaona jambo la ajabu: hayo meno ya kahawia yalikuwa hayatoboki ovyo. Ndipo wazo la kutia floraidi kidogo kwenye maji na dawa za meno likapata pa kuanzia.

#19 Mama Wawili
Sasa mimi nimechanganyikiwa. Floraidi inaharibu meno au inayalinda? Maana dawa ya mswaki ninayomnunulia mwanangu imeandikwa ina floraidi. Niitupe?

#20 Tabibu Mchovu
Usitupe mama. Ni kama chumvi kwenye mchuzi. Kidogo, tena juu ya jino, inalinda lisitoboke. Nyingi, tena ikimezwa na mtoto ambaye meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya taya, inavuruga ganda, linatoka na vinyweleo, yaani vitundu vidogo vidogo. Jino likishaota, vile vinyweleo vinafyonza rangi ya chai na vyakula, kidogo kidogo linageuka kahawia. Ndiyo maana watoto wengi linaota jeupe la chokaa halafu linabadilika kadiri miaka inavyokwenda.

Umri wa hatari ni tangu kuzaliwa mpaka miaka minane hivi, na kwa yale mawili makubwa ya mbele mbaya zaidi ni miaka mitatu ya mwanzo. Mtu mzima akihamia Ngurdoto leo hata anywe mto wote meno yake hayageuki. Mifupa ni habari nyingine, na hiyo si ya kutania, kule wapo watu walioinama miguu kwa ajili ya maji hayo.

Kwa mtoto wako: chini ya miaka mitatu weka dawa kama punje ya mchele, baada ya hapo kama punje ya njegere, na afundishwe kutema.

#21 Kapuku wa Usa
Kwa hiyo daktari mimi ambaye nilihamia Dodoma nikiwa darasa la pili nilikuwa nimeshachelewa?

#22 Tabibu Mchovu
Ya mbele yalishaandikwa, ndiyo. Angalia magego ya mwisho, huenda yako nafuu.

#23 Kapuku wa Usa
Nimeenda kwenye kioo na tochi ya simu. NI KWELI. Ya mwisho kabisa nyuma meupe. Wakuu nimekaa chini.

#24 Pwani Raha
Cheka kwa nyuma basi.

#25 Jirani wa Gilgil
Jameni hata sisi huku Kenya tuko ndani ya hiyo stori. Gilgil, Nakuru, Njoro, Naivasha, ni Bonde la Ufa lote hilo. Mtu akicheka Nairobi anaulizwa "wewe ni wa Nakuru?" Mimi nilifanyiwa matibabu nikiwa na miaka 24, niseme yaliyonipata ili kijana asipoteze pesa kama mimi.

Kwanza nilinunua zile karatasi za kubandika kwa meno, za mtandaoni. Wiki mbili. Matokeo: kahawia ilipungua kidogo sana, lakini yale mabaka meupe yakawa MEUPE zaidi. Nikawa na meno ya pundamilia. Nilikasirika sana.

Halafu nikaenda kwa daktari. Yeye alifanya kwa awamu. Aliziba fizi zangu na mpira, akapaka dawa ya asidi iliyochanganywa na unga wa jiwe la povu, akasugua kwa mashine polepole, akaosha, akarudia. Ni safu nyembamba sana anatoa. Mara tatu nilienda. Kahawia ikaenda karibu yote, nikabaki na rangi ya krimu. Kisha akanipa kava laini za plastiki zilizofinyangwa kwa umbo la meno yangu, na jeli ya kuweka usiku, wiki tatu. Jino mbili ambazo zilikuwa na mashimo mashimo akazipaka ile saruji ya rangi ya jino.

Si meupe ya televisheni. Ni meno ya kawaida. Lakini mimi hucheka sasa.

#26 Binti Ngarenaro
Asante jirani. Hiyo asidi yake na limao langu tofauti yake nini, daktari? Au ikishikwa na mwenye koti jeupe inakuwa halali?

#27 Tabibu Mchovu
Ha! Swali zuri na nimestahili. Tofauti ni kipimo. Pale daktari anatoa safu ya nje tu iliyoharibika, sekunde chache, fizi zimezibwa, anaosha, anaangalia, anaacha. Akimaliza anapaka floraidi, ndiyo, ileile, kuimarisha. Na hafanyi kila asubuhi kwa mwaka mzima.

Alichosema #25 kuhusu pundamilia kiandikeni ukutani. Peroksaidi, ile dawa ya kung'arishia iliyomo kwenye jeli na karatasi hizo, iwe ya hospitali au ya mtandaoni, inaingia ndani ya ganda na kuvunja chembe za rangi. Kahawia inapungua. Lakini baka la chokaa si rangi, ni ganda lenye vinyweleo, kwa hiyo haliondoki, na siku za mwanzo linaonekana zaidi. Wengine linatulia jino likirudisha unyevu, wengine inabidi kulijaza na utomvu maalumu unaopenya ndani yake. Kazi hiyo ipo, ila kwa hapa nchini si kila kliniki inayo.

#28 Mswahili wa Rotterdam
Na hizo jeli za mtandaoni muwe makini. Huku Umoja wa Ulaya tangu 2012 chochote cha kung'arisha chenye peroksaidi kuanzia zaidi ya asilimia 0.1 mpaka 6 lazima kianzie kwa daktari wa meno, na chini ya miaka 18 hakiruhusiwi. Zaidi ya 6 hakiuzwi kabisa kama kipodozi. Halafu nakuja likizo Dar naona vichupa vinapangwa mezani Kariakoo, asilimia haijaandikwa, pembeni ya chaja za simu.

#29 Muuza Duka
Acheni kuwaharibia watu biashara. Wateja wangu wanarudi kushukuru.

#30 Pwani Raha
#29 wanarudi kushukuru au kurudisha chupa?

#31 Kahawa Chungu
Niongeze kisa. Mimi si wa Arusha, ni wa Tabora, na meno yangu ni ya kijivu yenye mistari ya kukatiza, kama gogo lililokatwa. Nilihangaika nikiamini ni maji. Daktari mmoja akaniuliza, ulipokuwa mdogo uliumwaumwa? Nikampigia mama. Akasema nilikuwa na kikohozi kisichoisha, nikapewa tetrasaiklini miaka miwili mitatu kila nikiugua. Kumbe dawa hiyo inashikana na jino linalotengenezwa. Siku hizi mtoto wa chini ya miaka minane na mjamzito hawapewi kiholela. Kwa hiyo wenye kijivu msikimbilie magadi na visima.

Kung'arisha kwangu kulichukua miezi saba ya jeli kila usiku na bado karibu na fizi kuna kivuli.

#32 Mama Wawili
Miezi saba! Mimi hata dawa ya minyoo ya siku tatu nasahau.

#33 Mchagga wa Kibosho
Nirudi kwa kaka wa mleta mada maana ndiyo inayoninyima usingizi. Muulize mama: nani kati yenu alilelewa kwa bibi? Nani alinyonya muda mrefu? Maziwa ya mama yana floraidi ndogo mno hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya Ngurdoto. Mtoto wa kunyonya miaka miwili na mtoto wa kuachishwa miezi minane akaanza uji wa maji ya mto, hao ni wawili tofauti kabisa.

#34 Fundi Bomba
Mimi bado nasimama na bomba.

#35 Chizi Maarifa wa Sinoni
Mimi bado nasimama na kurithi. Halafu kuna jamaa alinieleza kuwa hata mwinuko unachangia, watu wa juu mlimani meno yao yanaharibika zaidi kuliko wa chini kwa maji yaleyale.

#36 Tabibu Mchovu
Kwa mara ya kwanza #35 kasema kitu nilichokisoma. Wapo watafiti waliolinganisha watoto wa nyanda za juu na za chini wakaona hivyo. Wapo wanaosema ni magadi tu yaliyojificha kwenye takwimu zao. Mimi sijaamua.

#37 Jirani wa Gilgil
Sisi watu wa mita elfu mbili tumesikia.

#38 Binti Ngarenaro
Wakuu mimi nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nichemshe maji yatoshe?

#39 Fundi Bomba
Hapana dada, na hili watu wengi hawalijui. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi haitoki. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki ileile, kwa hiyo kila lita iliyobaki inakuwa kali zaidi. Dawa ni chanzo kingine. Maji ya mvua karibu hayana kabisa. Kama paa ni la bati, weka tanki, tumia hayo kwa mtoto kunywa na uji wake, haya mengine fueni.

Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha kuondoa floraidi miaka mingi tu, walikuwa na mtambo wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Unapitisha maji kwenye ile chengachenga nyeusi ya mfupa, inanasa. Kazi inafanya, ila inachoka, lazima ubadilishe. Na mfupa ukichomwa vibaya maji yananuka supu.

#40 Pwani Raha
Maji yenye ladha ya supu na mnalalamika?

#41 Mzee wa Kikatiti
Niliwahi kuwa nayo hiyo ndoo ya mifupa. Jirani yangu alikataa kabisa, anasema nani kajua ni mfupa wa mnyama gani. Nikamwambia ni ng'ombe. Akasema amechinjwa na nani? Tukaishia hapo. Ndoo ikaja kuwa ya kuku kunywea. Wajukuu wangu tumewawekea tanki la mvua, meno yao yametoka safi, huwa nawaambia wacheke niyaone.

#42 Kapuku wa Usa
Mzee umenitoa machozi mchana huu.

Daktari, na hizi kava za kaure wanazobandika wasanii? Kuna mtu kaniambia anafanya meno sita kwa bei ya kirafiki, hana kliniki, anakuja nyumbani.

#43 Tabibu Mchovu
KIMBIA. Yule anayekuja nyumbani na mkoba anakubandikia plastiki kwa gundi, chini kunaoza, baada ya miezi unakuja kwetu na fizi zimevimba. Nimeng'oa watu wa miaka 25 meno yaliyokuwa mazima kabisa kabla ya "urembo" huo.

Kava halisi za kaure zipo na kwa meno yaliyochimbika sana ndizo nzuri. Ila lazima daktari alipunguze jino kidogo mbele, na likishapunguzwa hakuna kurudi, maisha yako yote ni mtu wa kava. Una miaka 29. Zitabadilishwa mara ngapi mpaka uwe na umri wa mzee wetu #41? Piga hesabu, na bei yake ni kwa jino moja, si kwa mdomo.

Kwako ningeanza na kusafisha, kisha kusugua kama alivyofanyiwa #25, kisha jeli ya karbamaidi (peroksaidi ya aina nyingine) ya asilimia 10 usiku. Mwisho kabisa, penye mashimo, saruji ya rangi ya jino. Na hiyo saruji isiwekwe siku ileile ya kung'arisha, subiri wiki mbili, la sivyo haishiki vizuri, na pia rangi itakuwa haijatulia. Kumbuka vilevile kwamba saruji haing'arishwi. Ukiiweka kwanza halafu ukang'arisha, meno yatakuwa meupe na viraka vitabaki na rangi ya zamani.

Mpaka Desemba muda upo ukianza mwezi huu. Anza na hayo maumivu, tumia dawa ya meno ya wanaosikia ganzi wiki kadhaa, ukianza jeli na meno yanauma hutavumilia.

#44 Kahawa Chungu
Na siku za jeli chai ya rangi weka pembeni. Kahawa pia. Mimi jina langu mnaliona, mjue niliteseka.

#45 Muuza Duka
Bei zote hizo za nini? Mswaki wa mti upo, babu zetu walitumia na meno yao yalikuwa meupe.

#46 Mzee wa Kikatiti
Babu zetu wa wapi kijana? Babu yangu alikuwa Ngurdoto.

#47 Tabibu Mchovu
Mswaki wa mti mzuri kwa ukoga na madoa ya juu, sina ugomvi nao. Haung'oi kilicho ndani. Mada imeisha hapo.

#48 Kapuku wa Usa
Nimerudi na mrejesho. Jana nimeenda kliniki, nimesafishwa, nimelipa elfu 40, daktari kaangalia kasema maneno karibu yaleyale ya Tabibu Mchovu. Nimepangiwa wiki ijayo kusuguliwa mara ya kwanza. Jumla aliyonitajia ni kama robo ya mahari, nitapambana.

Kuhusu kaka: nimempigia mama. Anasema kaka alinyonya mwaka na miezi tisa, mimi niliachishwa na miezi kumi kwa sababu alipata kazi shambani kwa mwekezaji wa maua. #33 usishangilie mapema, subiri. Mama huyohuyo anasema kaka alikuwa hataki kiburu kabisa, mimi nilikuwa nakula mpaka cha jirani. Nikampigia baba. Baba anasema yote uongo, kaka alipozaliwa tulikuwa tunachota kwenye kisima cha misheni, bomba lilikuja mwaka niliozaliwa mimi. Mama kachukua simu, anasema bomba lilikuwepo tangu anaolewa. Nimewaacha wanabishana, mpaka saa hizi hawasemeshani.

#49 Fundi Bomba
BOMBA. Nilisema.

#50 Mchagga wa Kibosho
Mama ndiye aliyekuwa anachota, baba alikuwa ananawa tu. Kunyonya na kiburu, kesi imefungwa.

#51 Chizi Maarifa wa Sinoni
Hamjauliza meno ya baba yakoje.

#52 Kapuku wa Usa
#51 baba ni mzaliwa wa Kondoa. Meupe.

#53 Chizi Maarifa wa Sinoni
Na babu?

#54 Pwani Raha
Mleta mada usimjibu, tutafika kwa Nabii Adamu. Sisi Tanga tunakusubiri Desemba, ukiingia ukumbini hujacheka tunarudisha mahari.

#55 Mama Wawili
Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo. Nimeyamwaga magadi. Makande sasa yanaiva kwa saa ngapi?

#56 Mchagga wa Kibosho
Loweka usiku kucha mama, maji ya kulowekea yamwage. Halafu kuni za kutosha na subira.

#57 Mama Wawili
Niko saa ya tatu na mahindi bado yanagonga kama kokoto.